Mjumbe Hauawi

Plovdiv, Februari. Theluji imeziba dirisha la maabara.
Radostina anafungua friji, anamtoa
bakteria wa mtindi, yule yule
aliyegandisha maziwa ya kondoo
chunguni mwa bibi yake, kule Smolyan.

Tumemshonea koti la adui:
kipande tu, ukosi na kifungo kimoja,
ili utando wa utumbo umwone,
ushtuke, uukariri mshono ule.
Sindano haijui njia hiyo.
Huyu hupita mdomoni, kama mgeni wa chai.

Lakini tumemkata mkono wa kujipikia.
Tusipomlisha sisi, afe.
Akitoka mwilini, akaingia mtaroni, mtoni Maritsa,
afe.
Ndivyo kanuni zitakavyo, na saini ni yangu.

Waliosema mjumbe hauawi
hawakuwahi kumtuma huyu.

Leo mzee Stamen, wa kwanza kujitolea,
kashika kikombe, kanusa, kacheka:
"Mmesahau chumvi."
Akanywa chote, akafuta masharubu kwa kiganja,
akauliza kama anaruhusiwa kuvuta sigara.

Hapana, nikamwambia.
Nikaandika saa:
nne na dakika saba.