Makaa

Tulimwita Carbón, yaani Makaa, kwa sababu
Yerko alimtoa ndani ya koti la mjomba Nibaldo
akiwa mweusi tii, ananuka kondoo, ananuka moshi,
na kitu kingine ambacho sote watatu tulikijua
ila hakuna aliyekitaja.

Nilikuwa nimesema hapana.
Mwezi wa tano nilisema, wa sita nikarudia, mkono kiunoni:
nyumba ni vyumba viwili, mimi nakesha kiwandani
nikivunja miguu ya kaa, nani atamtazama?
Nibaldo akavua kofia. Akasema huyu ndiye wa mwisho,
wenzake wameshachukuliwa.
Haya. Lakini halali humu na uvundo huo.

Saa kumi jioni, Juni, Punta Arenas imeshaingia giza.
Upepo wa mlango-bahari umeng'ang'ania mabati
kama mdai aliyechoka kubisha hodi.
Nabandika sufuria ya pili. Nachanganya maji,
nachovya kiwiko. Kiwiko, si kiganja:
kiganja changu, miaka kumi na mmoja ya barafu,
hakijui tena moto ni nini.
Kiwiko kinakumbuka. Mara ya mwisho kilipimia maji
ya mtu aliyekuwa na kilo tatu na robo,
na leo mtu huyo amesimama kando yangu,
soksi zimelowa, hataki hata nimguse nywele.

Beseni ni la kijani, lina ufa uliozibwa kwa lami.
Yerko anamshika Makaa kwapani, anamshusha.
Miguu minne, kila mmoja na mpango wake:
mmoja ukingoni, mmoja kifuani mwangu,
mmoja kwenye sahani ya viazi vya jana.
Maji yanapomfika tumboni
anaganda.

Hapo nausikia, chini ya kidole gumba,
moyo kama punje ya njegere ndani ya kopo,
tikitiki tikitiki, hauachi nafasi.
"Mama, anakufa?"
"Hafi. Anaogopa. Wewe mshike tu,
usimbane."
Sijui mimi mwenyewe nilifundishwa lini hilo.

Kikombe cha kwanza, maji yanatoka kahawa.
Cha pili, chai ya rangi.
Sabuni ni ya kufulia, kipande,
na Yerko anaisugua mgongoni polepole,
anakwepa macho, anakwepa masikio, ulimi nje
kama anapochora.
Nusu ya mbwa ilikuwa manyoya, robo masizi;
kilichobaki kinaenea viganja viwili
vya mtoto wa miaka tisa.

Na si mweusi.

Tunainama wote. Kijivu kwanza,
kisha rangi ya maziwa yaliyoungua,
kisha, kwenye shingo, mweupe pee.
Nibaldo anacheka mpaka anajishikiza kwenye friji:
"Majivu! Nimewaletea majivu!"
Yerko hacheki.
"Tumbadilishe jina?"

Mwaka jana tulisimama mbele ya karani, mimi na yeye,
tukafuta jina la baba yake karatasini.
Kalamu ilikuwa yangu. Hakuuliza kitu
njia nzima kurudi nyumbani.

"Jina si uchafu," nasema. "Halitoki kwa maji,"
na hapo hapo nasikia nilichosema,
naye amesikia, ameinua macho,
na sina la kuongeza.

Mbwa ndiye anayetuokoa. Anajikung'uta
kuanzia pua hadi ncha ya mkia,
ukuta, pazia, kalenda, miwani ya Nibaldo,
uso wangu mzima povu.
Yerko anacheka sasa, anacheka na kikwikwi,
ananifuta shavu kwa mkono wa sweta yake.
Mwenyewe. Bila kuombwa.

Saa nne usiku navaa buti za mpira.
Wamelala karibu na jiko, taulo moja, wawili.
Nainama. Sabuni, sabuni, sabuni,
na nyuma ya sikio, bado, kondoo.
Makaa anafungua jicho moja, anayumba, ananifuata mlangoni.
"Kaa," namnong'oneza. "Makaa, kaa.
Mimi naenda kwenye kaa."

Hakai.