Baada ya Dhiki, Ana Watatu

Kijerumani nilikisoma jioni, nyuma ya kanisa, Kiboriloni,
kwa kitabu kisicho na jalada na mwalimu asiye na subira,
ili nipande cheo:
kutoka kubeba mizigo hadi kubeba maneno.

Horombo, saa moja usiku. Supu ya matango.
Mgeni wangu Bwana Wendelin, fundi breki za treni, mstaafu,
ameukumbatia bakuli kama anayeota moto.
Nikamtupia swali la somo la kwanza: Unatoka wapi?

"Elend."

Nikafungua kamusi ya kichwani. Elend: dhiki.
Nikaifunga. Nikaifungua tena. Dhiki.
Pole sana, mzee. Tangu lini?
"Tangu kuzaliwa," akasema. "Na baba pia. Na babu."

Pole ya pili ikanikwama kooni.
Yeye akacheka mpaka supu ikamwagikia soksi.
Ni kijiji, kijana! Kina misonobari, kina kanisa la mbao,
kina na stesheni.
Jirani yetu anaitwa Sorge.
(Sorge: wasiwasi. Hilo nililijua, lilikuwa kwenye mtihani.)
Kwa hiyo treni inatoka Wasiwasi, inaingia Dhiki,
kila siku,
na watu wanakata tiketi.

Usiku huo hatukulala mapema.
Akanitajia Kiwiko cha Paka. Akanitajia Siagi Iliyooza.
Alipofika kwenye kijiji cha Supu ya Maji
Ndekirwa, mpishi wetu, akaweka mwiko chini:
"Na huyo aliyeipika hawakumfukuza?"

Na wewe? akaniuliza mgeni.
Mimi? Natoka Moshi.
Moshi wa nini?
Wa mji. Mtaa wangu Pasua.
Upasue nini?
Hawakusema. Kuni, labda. Au kichwa cha mwenye deni.
Ukiifuata barabara ya Arusha utaikuta Boma Ng'ombe,
halafu mbele sana Maji ya Chai: sukari uje nayo mwenyewe.
Na Arusha kwenyewe kuna Unga Limited,
mtaa mzima, Bwana Wendelin, wenye jina la kampuni;
unga ukiisha dukani, jina halipungui hata kibaba.

Akatoa daftari, akaandika polepole
kwa vidole vilivyovimba kwa baridi:
Kutoka Dhiki hadi Moshi. Treni, ndege, miguu.

Barua yake ilifika mwezi wa tano, mvua ikiwa juu.
Nikaipandisha Uru kwa mama, maana mama anapenda stempu.
Imetoka wapi hii?
Dhiki.
Akavua miwani.
Ni jina tu, mama. Watu wana magari huko, wana mashine za kuoshea vyombo.
"Mtu na gari lake anakaa Dhiki," akasema mama,
"na wewe umemla supu yake mlimani, umerudi mikono mitupu?"
(Supu ilikuwa yetu. Sikubishana.)
Akaenda stoo, akapima kilo ya kahawa ya kihambani,
akaishona kwenye kitambaa cha pazia la zamani.
"Mwandikie hivi: baada ya dhiki, faraja."

Nikaandika. Kwa Kijerumani changu cha nyuma ya kanisa.

Jibu likaja miezi miwili baadaye. Nikamsomea pale jikoni,
nikitafsiri huku macho yakiwashwa na moshi:
Mama mpendwa, kahawa imefika. Nimelia kidogo.
Lakini sina budi kusema kweli, nimefanya kazi reli miaka thelathini na nane:
baada ya Dhiki si Faraja.
Kituo kinachofuata ni Ana Watatu.

"Nani ana watatu?"

Ni stesheni, mama. Akina Ana. Wanawake watatu, wa zamani huko.

Hakunisikia. Alikuwa ameshasimama,
ameshika kiuno, anaitazama stoo kama mtu anayepiga hesabu ya ada.

"Ana watatu," akasema, "na bado anaishi Dhiki.
Lete lile gunia kubwa."