Bega la Kushoto

Hakodate, saa tano usiku, theluji imeziba dirisha nusu.
Fusae amevua soksi moja tu;
ya pili aliisahau alipotokea dubwana.
Miaka thelathini na minne aliendesha tramu
kutoka Yunokawa hadi gatini, na kurudi.
Leo pedi ya mjukuu imelala viganjani mwake
kama paka wa jirani: haijui ni ya nani.

Rentaro hupiga simu Jumapili, kutoka Sendai.
"Bibi, umekufa mara ngapi?"
"Kwa huyu wa darajani? Thelathini na tisa."
"Na bado unafurahia?"
Akanyamaza. Hita ya mafuta ya taa ikakohoa.
"Subiri," akasema, "nitakujibu,"
na simu akaiweka juu ya bakuli la machungwa, haijakatwa.

Kwanza, uzito.
Upanga ule ukiuinua, unauinua kweli.
Kuna kitambo, robo ya pumzi, chuma kikiwa nyuma ya kichwa
nawe huna la kufanya, umeshaamua.
Tramu ni hivyohivyo. Funga breki kwenye barafu,
breki itakujibu kesho.
Anayebofyabofya ovyo hapigi; anapigwa.

Halafu, dubwana huyu si mwongo.
Ana vichwa viwili, meno kama reki, ananuka hata kupitia kioo,
lakini kabla ya kufyeka huinua bega la kushoto.
Kila mara. Kidogo tu, kama mtu anayetaka kupiga chafya.
Kifo cha kwanza, bega sikuliona.
Cha kumi nililiona, nikaogopa.
Cha ishirini na sita niliviringika kulia, nikatumbukia mtoni,
nikacheka peke yangu hadi Bwana Isobe akagonga ukuta.
Nikifa hapa namjua aliyeniua: ni mimi.
Wangapi wana bahati hiyo?
Kazini nililaumiwa kwa ukungu.

Na vikorokoro, mjukuu wangu!
Buti zenye viraka, pete iliyodondosha jiwe,
uyoga kumi na saba nisiojua kazi yake, na siuzi.
Mhunzi wa kambini akininolea upanga,
sita inakuwa nane, namba ndogo pembeni mwa skrini,
nami usiku huo nalala kama niliyepandishwa cheo.
Uliniachia shujaa wako, wa ngazi ya themanini, ana mbawa.
Nilimjaribu mara moja. Kila kitu kilikufa kabla sijakifikia.
Nikamrudisha alikokuwa, kama anayefunga mlango wa chumba cha mgeni.
Wangu nilimwanzisha na fimbo.

Simu haijakatwa. Rentaro anasikia
chuma, chuma, maji, pumzi za bibi yake.
Bega.
Fusae akaviringika, ndani, si nje,
chini ya kwapa la dubwana,
mahali ambapo hofu haikuwahi kumpeleka.
Kisha kishindo kirefu, na daraja likawa tupu.
Hakupiga kelele. Alitafuta soksi, akaivaa.

"Vuka basi, Bibi! Kuna mji mzima ng'ambo!"
Lakini alikwisha kugeuka, anarudi,
kinamasi, kambi, kichochoro cha miiba,
hadi konde la mwanzo kabisa, penye mbwamwitu wa kijivu
aliyemuua siku ya kwanza, dakika ya tatu,
kabla hajakijua kitufe cha kukimbia.

Mbwamwitu akaruka.
Fusae akapiga hatua moja kando, ndogo,
kama anayempisha abiria mwenye mzigo.
Mnyama akapita, akageuka, akaruka tena, akapita.
Upanga haukutoka alani.

"Umesikia?"
"Sijasikia kitu, Bibi."
"Hichohicho.
Sasa kata simu, machungwa yanapata joto."