Lebo Tatu

Lebo ya kwanza iliandikwa mbiombio, wino umelowa:
Catrileo, mtoto wa kiume, siku tatu. Jina bado.
Mvua ya Valdivia haikuwa imekatika tangu Jumapili.
Maribel, muuguzi wa zamu, alikishusha kichupa
ndani ya mfuko wa koti lake,
kana kwamba kinofu kile kingeweza kuona baridi.

Nikasoma fomu: saa hamsini na nane bila choo,
hata kile cha kwanza, cheusi, kinachonata kama lami,
ambacho mama wengine hukifuta wakicheka kwa kinyaa.
Tumbo limevimba, limekaza. Matapishi ya kijani.
Daktari Oyarzún alipopima kwa kidole
vyote vilivyozuiliwa vikafumka, vikamchafua hadi miwani.
Kimya kingi kina mshindo mkuu,
lakini mshindo si jibu. Jibu nadaiwa mimi.

Nami sikuwa nalo. Kinofu kilikuwa chembamba mno,
kimechunwa juujuu, hakikufika kule chini
ambako seli ninazozitafuta hukaa.
Nikaandika: hakitoshi, rudieni.
Ghorofa mbili juu yangu Ercira Catrileo,
aliyeletwa kwa ambulansi kutoka Lago Ranco, mshono bado mbichi,
alikuwa akikamua maziwa ambayo mwanawe hakuruhusiwa kunywa,
akiyapanga kwenye friji ya wodi, chupa kwa chupa.

Lebo ya pili. Nta, wembe, vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu,
rangi ya zambarau, rangi ya waridi, kioo.
Seli hizi hutoka kisogoni mwa kijusi, majuma ya mwanzo,
zikashuka taratibu na utumbo mpaka mwisho wa njia
ili ziufundishe kusukuma.
Mara nyingine huishia njiani.
Kwa nini? Vitabu vyangu navyo vinababaika.

Kipande cha kwanza: hakuna.
Cha tano: neva nene, zimelala kama magogo,
penye miti hapana wajenzi.
Cha kumi na tisa, moyo ukaruka: seli kubwa, kiini cha duara...
nikasogeza lenzi. Ukuta wa mshipa wa damu tu, umekatwa upande.
Kusema "ipo" kunataka kuiona mara moja.
Kusema "hakuna", utazame mara ngapi ndipo uaminike?
Nilihesabu vipande sitini. Kisha nikaongeza kumi,
si kwa ajili ya sayansi; kwa ajili ya yale maziwa.

Jioni mume wangu, akichochea kuni jikoni,
aliniuliza nimeona nini leo.
Sikuona kitu, nikamwambia.
Akadhani nimechoka.

Lebo ya tatu ilikuja Alhamisi, katikati ya upasuaji,
sikupata hata muda wa kuisoma.
Oyarzún yuko kwenye simu, mtu mwingine amemshikia sikioni,
tumbo la mtoto liko wazi, anataka kujua akate wapi.
Sentimita nane: hakuna.
Kumi na mbili: moja, imesinyaa, peke yake. Siikubali. Panda.
Kumi na saba:
wajenzi hawa hapa, wamekaa kikundi, watatu, wanne,
wananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyechelewa.
"Wapo," nikasema. "Unganisha hapo."

Sikupanda wodini. Huwa sipandi.
Baada ya siku tano Maribel alishuka na nepi
iliyokunjwa vizuri kama barua,
akaiweka kando ya hadubini yangu.
Nikamfukuza. Kisha nikamwita arudi.

Alipoondoka nilikitoa kile kichupa nikipeleke kabatini.
Kwenye lebo, safari hii, palikuwa na jina: Eliseo.
Si mwandiko wa muuguzi. Herufi zimekandamizwa mno,
mwandiko wa mtu aliyeomba kuazimwa kalamu.