Mkono wa Kazi

Muuguzi Eka alikuuliza vizuri, Nodari,
sindano tayari, pamba imelowa spiriti:
"Mkono upi huutumii sana?"
Nawe, shoto tangu kuzaliwa,
ukapandisha shati la kushoto.
"Choma huu. Huu una misuli, utastahimili."
Nikakukanyaga mguu chini ya benchi.
Hukusikia. Au ulisikia.

Chanzo ni ile kulabu ya kuopolea mikate,
kutu yake na kiganja chako,
na mimi niliyesema pepopunda haina mzaha.
Tukangoja dakika kumi na tano kama tulivyoambiwa,
ukihesabu kwa sauti mikate ambayo hatukuioka.

Jioni bega likaanza kusema,
kwanza kwa unyenyekevu, kama mpangaji anayeomba chumvi,
kisha kama mwenye nyumba.
Pale ilipoingia sindano pakavimba,
pekundu, pa moto, upana wa kifuniko cha chupa.
Shati likakushinda.
Nilikuvua mimi, kama mtoto wa chekechea,
ukaniambia nisicheke.
Nilikuwa nimeshacheka.

Mama yako akaja na chacha yake, pombe ya zabibu
inayoweza kuwasha taa:
nusu ya kusugulia, nusu ya kunywa,
ndivyo walivyotibiwa wanaume wa Imereti, akasema,
na kesho yake wakapogoa mizabibu.
Nikaipokea chupa kwa mikono miwili,
nikaificha juu ya kabati, nyuma ya mitungi ya matango,
nikachovya kitambaa katika maji baridi,
nikakilaza begani pako.
Hukusema asante. Ulifumba macho.

Usiku wa manane homa ikabisha hodi.
Wewe, uliyesimama miaka thelathini na mmoja
mdomoni mwa tanuri, nyusi zikiungua, zikiota tena,
wewe uliomba blanketi la pili.
Ukasema shuka lina uzito.
Ukasema hata nywele zinauma.
Kisha ukauliza, polepole,
kama yule dada hakukosea dawa.

Nikawasha taa, nikavaa miwani, nikasoma karatasi yake:
maumivu, uchovu, homa kidogo, siku moja au mbili,
mwili unajifunza sura ya adui.
Tembe mbili za paracetamol. Si tatu, Nodari.
Maji. Na maji tena.
Na chini kabisa, kwa mwandiko wa Eka mwenyewe:
*wekundu ukizidi kutambaa, au homa ikigoma kuondoka, rudini.*
Nikachukua kalamu ya wino,
nikauzungushia duara wekundu ule,
ili kukicha tujue nani msema kweli.

Saa kumi alfajiri foleni ilikuwa mlangoni.
Nikaoka mimi.
Mikate yako huwa na ncha mbili, kama mwezi mwandamo;
yangu ilitoka kama viatu vilivyonyeshewa.
Mzee Vazha akaugeuza mmoja, akaunusa, akalipa.
"Nodari amekufa?"
"Amechanjwa."
"Ah," akasema, akaongeza wa pili.

"Asiulaze tu mkono," Eka alisema kwenye simu,
"autumie taratibu."
Sikuwa nimekwambia bado.
Nilirudi nikakukuta jikoni, soksi miguuni,
ukibandika unga usiokuwepo
kwenye ukuta wa hewa,
nusu ya njia, uso umekunja ndita,
tena, nusu ya njia na kidole.
Nikasimama mlangoni na mifuko yangu.
Wekundu ulikuwa umenywea ndani ya duara
kama dimbwi baada ya jua.

Siku ya tatu ukainama juu ya tanuri.
Donge la kwanza likadondoka majivuni.
Hakuna aliyesema kitu.
La pili likanata.
Lile la kwanza tuliliopoa kwa kulabu mpya,
tukalipangusa, tukalila na jibini, tumesimama,
majivu kidogo kwenye meno.

Mama yako anaulizia chupa yake.
Mwezi ujao dozi ya pili.
Nimeshaandika kwenye kalenda, ukutani, kwa herufi kubwa:
KULIA.