Makombo

Jumanne sina zamu ya usiku hospitalini,
kwa hiyo Jumanne ni ya wafu.
Koti lenye mvua ya Cardiff naliacha kabatini
pamoja na kalamu ya wino, humu
ruhusa ni penseli tu,
na Meinir ananiletea daftari juu ya mto wa sponji
kama mkunga anayenikabidhi mtoto wa mwingine.

Natafuta akina Kombo.

Babu wa babu yangu alitanguliza miguu,
mambo yakaenda kombo, mama akapona,
jina likapatikana papo hapo.
Ndiyo asili yetu sisi wa Konde. Hatuna nyingine.

Wa kwanza ni mtoto. Thomas Combo,
kabatizwa Machi, 1787, umri wapata miaka kumi,
wa nyumba ya Kapteni Prosser.
Mstari mmoja na nusu. Ukurasa huo huo
fundi wa kengele anayedai shilingi nne
kapewa mistari sita.

Wa pili, mchochea moto melini, 1911:
Kombo Ali, kovu juu ya jicho la kushoto,
kakatwa fedha ya buti, kakatwa ya blanketi,
na mahali pa sahihi dole gumba,
wino umevutika pembeni
kama aliyeondoa mkono kwa hasira.
Nikaweka changu juu yake.
Meinir akaangalia dirishani.

Wa tatu, Wilfred Coombo,
nyuma ya kiwanda cha bia, Novemba 1926,
faini kwa kufuga kuku thelathini na jogoo mmoja
chumba cha juu.

Profesa Hartnell, katika kitabu chake kizito,
tanbihi ya kumi na saba, kawaunga hawa wawili:
Ali kahamia nchi kavu, kawa Wilfred, *bila shaka*.
Lakini wiki ile jogoo anatolewa ushahidi mahakamani
Ali yuko Bombei, homa ya matumbo, kitanda cha tisa;
nimeiona orodha.
Mimi muuguzi. Mtu halali vitanda viwili.

Nikamwandikia. Kajibu kwa adabu:
atarekebisha toleo lijalo.
Mwandiko wake unatetemeka. Hakuna toleo lijalo.

Kisha Meinir, akifunga bunda kwa utepe wa pamba,
ananiambia mama yake alikuwa Coombe,
na Coombe ni bonde tu,
neno la watu wa hapa, la kale,
Waingereza waliliazima wakasahau kulirudisha.
Na Thomas? Kombo iko Gambia pia,
nchi nzima, na ufuko wake.
Labda katoka huko. Labda kapteni
aliupenda mlio.

Bonde, nchi, mtoto wa miguu mbele.
Nilikuja na uzi mmoja nitunge shanga,
na shanga zenyewe hazina tundu.

Mwenye jina lako kwetu ni somo wako,
na somo ni kile unachokaa kitako ukisome.
Nimekaa miezi kumi na minne.
Yaliyobaki sahanini wakubwa wakishakula
tunayaita jina letu kwa wingi,
na kukomboa nako kumo humo humo,
lakini nani nimkomboe, kwa penseli?

Daftarini kwangu, mbele ya Wilfred: *si ndugu.*
Mbele ya Thomas: *haijulikani*, nikafuta,
nikaandika tena, karatasi ikaanza kutoboka.
Ali nilimwacha mwisho.
Alikozaliwa, karani kaandika: *Zanzibari, au karibu nayo.*
Jamaa wa karibu: *hakuna.*

Karibu nayo.
Konde ni karibu nayo.
Hapo nilikaa mpaka taa zikapunguzwa.

Kwenye hati ya kurudisha daftari
Meinir, kwa haraka, kaniandika Raya Coombe.
Nimeiona. Sikusahihisha.
Nikachukua koti, bado bichi,
na kesho ni zamu.