Pingili kwa Pingili

Mzee Ong'ayo amepanda ngazi hadi orofa ya tatu
kuja kuniuliza Ong ni nani.
Ameshika risiti ya miwa, imekunjwa mara nne:
tani kumi na nane, mizani ya Muhoroni,
tarehe sahihi, senti sahihi,
na mahali pa jina, Ong.

"Huyu Ong," asema, "benki inamtafuta.
Ana shamba langu. Ana deni langu la mbolea.
Mwambie aje basi, tusaidiane kupalilia."

Nacheka, kisha naona yeye hacheki.

Nampa kiti. Naeleza ninavyoweza:
kule lori hupimwa, kompyuta huandika,
kila neno ndani ya lebo yake kama yai kwenye trei,
na kazi yangu hapa Kisumu ni kuyageuza hayo
yawe karatasi ya kusomwa na mtu.
Violezo ninavyotumia viliandikwa mbali,
na watu wasiojua kwamba kwetu
kuna sauti ikaayo puani
na alama yake ni ritifaa, kijiti kidogo hewani.
Kwao kijiti hicho ni ukuta. Neno limekoma hapa.
Wakamkata mzee katikati.

"Kumbe wewe ni fundi cherehani," asema.

Mama yangu, pale Luanda, alikuwa na violezo
alivyovikata kwenye mifuko ya saruji:
kola, kwapa, mfuko wa sare ya shule,
vyote vimetobolewa tundu, vyote msumari mmoja.
Mteja mnene akija, hakukigusa kiolezo kwa mkasi.
Alikilaza juu ya kitambaa,
akaacha vidole viwili pembeni, akapitisha chaki,
na kiolezo kikarudi ukutani kilivyokuwa.

Nilikuwa nimelisahau hilo.
Mwezi jana nilifukua faili la msingi
kwa ajili ya jina moja tu, Nyang'idi.
Yeye akapona,
tarehe za wakulima mia sita zikasimama kichwa chini.

Leo natafuta kabatini mwa Mideva,
aliyekikalia kiti hiki kabla yangu,
na sasa anafuga kuku Chavakali.
Faili moja. Mistari mia na ushei.
Kiolezo cha kwanza hujaza sifuri mbele ya namba fupi.
Cha pili hufagia nafasi zilizozidi.
Cha tatu hakina haraka:
hulishika jina kama muwa,
huvunja pingili moja, huitazama,
ikiwa ni ritifaa huifunga vizuri isimwagike,
kisha muwa uliobaki humpa mwenzake,
na mwenzake ni yeye mwenyewe,
naye huvunja, hutazama, humpa mwenzake,
hadi mkononi hamna kitu.
Hapo tu ndipo husema basi.

Juu yake Mideva ameacha maneno haya:
*Usinihariri. Niagize tu,
kisha andika lako chini. Lako litashinda.*

Naagiza. Naandika langu, mistari minne,
la msingi sijaligusa.
Mashine ya kuchapa inakohoa, inatema.

Mzee anapitisha kidole juu ya jina lake,
O, n, g, anasita kwenye kijiti,
a, y, o.
Anarudia kutoka mwanzo, kama mtu ahesabuye ng'ombe
zizini baada ya kusikia fisi.
"Na yule Ong?"
"Amekwisha, mzee."
"Maskini," asema, akiikunja karatasi mara nne.
"Na tani zote zile."

Jioni namwandikia Mideva ahsante.
Anajibu usiku, mimi nikiosha vyombo:
*Angalia pia wenye majina manne,
la mwisho huanguka nje ya ukingo.
Kuku wanataga.*